Kuwakaribisha Marafiki Botini Kwenye Bahari ya Ionia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa mwenye boti ya matanga, yake au ya kukodi, anayezunguka majira ya joto kwenye pwani ya magharibi ya Ugiriki, kutoka Corfu kushuka hadi Zakynthos, na anataka kualika ndugu na marafiki. Hesabu zote ni za boti ya mita 11 hadi 13 yenye vyumba vitatu vya kulala. Maneno ya ubaharia ni yale ya pwani yetu: omo ni mbele ya chombo, tezi ni nyuma, ngama ni tumbo la chini ambako maji hukusanyika.

## Kabla ya kualika

Niwaalike watu wangapi, na kwa siku ngapi?

Wageni wawili ni raha, wanne ndio mwisho. Boti yenye vyumba vitatu huuzwa kwa maneno kwamba inalaza watu wanane, lakini hesabu hiyo inahusu vitanda tu. Haisemi lolote kuhusu maji, choo, wala mahali pa kuanika taulo nane. Wenyeji wawili na wageni wanne wanatosha kujaza tangi la maji machafu kwa siku moja (hesabu iko kwenye swali la choo).

Siku tano hadi saba zinatosha. Zikipungua tano, nusu ya muda huishia njiani kwenda na kurudi uwanja wa ndege. Zikizidi saba, hata marafiki wa damu huanza kuchoshana, maana kuta za vyumba ni mbao nyembamba na kila kikohozi kinasikika. Acha angalau siku tatu kati ya kundi moja na jingine: moja ya kufua mashuka, moja ya matengenezo, na moja ya kupumzika wewe mwenyewe.

Mwezi gani ni mzuri?

Juni na nusu ya kwanza ya Septemba. Julai na Agosti bandari ndogo kama Fiskardo na Kioni hujaa kabla ya saa nane mchana, na joto la ndani ya boti usiku huwasumbua wasiozoea. Mei ni tulivu na bei ni nafuu, lakini maji ya bahari huwa nyuzi 19 au 20 tu. Mgeni aliyezoea bahari ya Mombasa au Unguja ataingia mara moja na hatarudi tena.

Kuanzia katikati ya Septemba anga huanza kubadilika. Tarehe 17 na 18 Septemba 2020 tufani iliyoitwa Ianos ilipiga Kefalonia, Ithaca na Zakynthos, ikazamisha na kutupa ufukweni boti nyingi zilizokuwa bandarini. Tufani za namna hiyo ni nadra, ila wageni wa mwisho wa Septemba waambiwe mapema kwamba huenda wakakaa bandarini siku mbili.

Kwa nini inasemwa mgeni achague siku au achague mahali, asichague vyote viwili?

Kwa sababu hili ndilo linaloharibu ziara nyingi kuliko jambo jingine lolote. Rafiki amekata tiketi ya kutua Preveza Jumamosi na kuondokea Corfu Jumamosi inayofuata. Jumatano upepo mkali unavuma kutoka kaskazini magharibi, yaani usoni kabisa kwa anayepanda kwenda Corfu. Mwenyeji, kwa kuona haya, anang'oa nanga siku ambayo angekaa. Wageni wanatapika, kitu kinakatika, na mwenyeji anajilaumu. Tarehe ya ndege ndiyo iliyompeleka baharini.

Kwa hiyo mwambie mgeni hivi: ukitaka tarehe maalumu, njoo nitakapokuwa nimefunga boti, na utarudia hapo hapo. Ukitaka mahali maalumu, uwe tayari nikupigie simu siku tatu kabla. Njia iliyo rahisi kwa wote ni kufikia na kuondokea kituo kimoja, na kuzunguka duara dogo. Duara la visiwa vya Lefkada, Meganisi, Ithaca, kaskazini mwa Kefalonia na kurudi Lefkada lina hatua za maili 5 hadi 15 za baharini, na karibu kila hatua ina bandari ya kukimbilia katikati.

Walete nini, na waache nini nyumbani?

Mkoba laini unaokunjika, kamwe si sanduku la magurudumu. Sanduku gumu halina mahali pa kukaa botini, litalala kitandani pamoja na mwenyewe wiki nzima. Nguo nusu ya anazofikiria. Viatu jozi mbili: vya nchi kavu, na vyepesi vyenye soli nyeupe isiyoacha alama, vya kuvaa juu ya sitaha. Kutembea peku kunapendeza, lakini vidole vya miguu hujigonga kwenye vyuma vya kufungia kamba, na kidole kilichovunjika humaliza ziara.

Kofia yenye kamba ya kidevuni, miwani ya jua, mafuta ya kujikinga na jua, koti jepesi la upepo hata Julai, na dawa zake zote za wiki mbili kwa ziara ya wiki moja. Mashine ya kukaushia nywele ibaki nyumbani. Sababu iko kwenye swali la umeme.

## Viza, karatasi na fedha

Rafiki anatoka Nairobi au Dar es Salaam. Anahitaji nini?

Viza ya muda mfupi ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zisizo na ukaguzi wa mipaka kati yao, kutoka Ugiriki ikiwa ndiko atakakokaa siku nyingi zaidi. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na mwisho ni siku 15 kabla. Kwa majira ya joto, asisubiri hata mwezi mmoja wa mwisho. Ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024. Bima ya safari lazima ifikie angalau yuro 30,000. Viza inaruhusu kukaa si zaidi ya siku 90 ndani ya siku 180 zozote.

Kinachokwama ni uthibitisho wa malazi, kwa kuwa boti haina anwani ya mtaa. Mpe barua ya mwaliko yenye jina la boti, namba ya usajili na tarehe, nakala ya hati ya usajili, nakala ya pasipoti yako, na mkataba wa marina kama unao. Pamoja na hizo, akate chumba cha usiku wa kwanza na wa mwisho karibu na uwanja wa ndege. Ofisa wa viza anaelewa hoteli kuliko nanga, na usiku huo wa kwanza nchi kavu utamfaa vilevile mgeni aliyechoka na safari.

Anaishi Ulaya tayari. Bado anahitaji viza?

Mwenye kibali halali cha ukaazi cha nchi ya Schengen, kama Ujerumani au Uholanzi, anaingia Ugiriki bila viza, lakini abebe pasipoti na kadi ya kibali pamoja. Anayeishi Uingereza kwa pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda anahitaji viza ya Schengen. Kibali cha Uingereza hakimsaidii.

Lazima niandikishe wageni wangu popote?

Weka orodha ya watu waliomo botini: majina kamili, uraia, namba za pasipoti, tarehe za kuzaliwa. Chapisha nakala tatu, na ubadilishe orodha siku ile ile mtu anapopanda au kushuka. Polisi wa bandari wakija, ndicho kitu cha kwanza watakachoomba. Kwa boti ya kukodi, kampuni huandaa orodha hiyo, na kuongeza mtu katikati ya wiki bila kuwaambia kunaweza kukufanya ubebe mtu asiye na bima.

Marafiki wakinichangia gharama, ni biashara?

Kugawana chakula, dizeli na ada ya gati ni kuchangia. Kumtoza mtu kwa kulala au kusafirishwa ni biashara ya abiria, na kwa Ugiriki hiyo inahitaji leseni ambayo boti binafsi haina. Hatari kubwa zaidi iko kwenye bima: bima ya boti binafsi hufa pale unapopokea nauli, hata kama mlipaji ni shemeji yako.

Njia iliyo safi ni mfuko wa pamoja. Kila mtu anatia kiasi kile kile siku ya kwanza, mgeni mmoja anaushika, na matumizi ya pamoja yote yanatoka humo. Mwenyeji naye anatia fungu lake. Matengenezo, bima na kodi za boti ni za mwenye boti, hazigusi mfuko. Dizeli si kubwa kama wengi wanavyohofu: injini ya nguvu farasi 40 kwa mwendo wa noti 5 na nusu (maili za baharini kwa saa) hutumia karibu lita 3 kwa saa. Hoteli za kula kandokando ya ghuba nyingi zina gati lao, na hufunga bure anayekula kwao jioni.

## Siku ya kwanza

Wafikie wapi?

Uwanja wa Aktion karibu na Preveza ndio ulio karibu na Lefkada, kama kilomita 20 kwa barabara. Kefalonia na Corfu nazo zina viwanja vyao. Anayetua Athens anaweza kupanda basi la KTEL hadi mji wa Lefkada, safari ya saa tano na zaidi.

Siku ya kufika msisafiri. Wape maji, chakula, waoge, walale. Mtu aliyetoka Dar es Salaam kupitia viwanja viwili hawezi kusikia maelezo ya usalama, achilia mbali kuyakumbuka. Na kama boti iko kaskazini ya daraja la Lefkada, kumbuka kwamba daraja lile linaloelea hufunguliwa kwa ratiba, kwa kawaida kila saa kamili mchana. Ukikosa dakika tano utazunguka ukisubiri na wageni wamesimama juani.

Niwaeleze nini kabla ya kung'oa nanga?

Dakika ishirini, asubuhi ya pili, injini ikiwa imezimwa. Wasiambiwe tu; washike vitu kwa mikono.

Anza na jaketi la kuokoa maisha. Kila mmoja alivae, alikaze, aonyeshwe kamba ya kulipuliza na filimbi. Andika jina lake juu yake, likae mahali pamoja wiki nzima. Kisha boriti ya tanga kuu, ile inayopita juu ya sitaha: upepo ukija kutoka nyuma inaweza kuvuka upande mmoja hadi mwingine kwa nusu sekunde, na inaua. Waonyeshe inafika wapi, na wakae chini yake au mbali nayo. Halafu winchi, yaani roda ya kukazia kamba: vidole visikaribie pale kamba inapoingia.

Kizima moto kiko wapi, na blanketi la moto jikoni. Valvu ya gesi kwenye mtungi inafungwaje, na kwa nini: gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka ngamani na kukaa huko ikingoja cheche moja. Ukinusa gesi, usiguse swichi yoyote, fungua milango, mwite nahodha.

Redio ya VHF ndiyo sehemu inayosahauliwa, na ndiyo itakayookoa maisha yako wewe, maana ukianguka majini ni wageni watakaoita. Bandika karatasi pembeni ya redio kwa Kiswahili: washa, channel 16, bonyeza kitufe cha pembeni, sema "Mayday" mara tatu, jina la boti, soma namba za mahali kwenye skrini, idadi ya watu, tatizo. Kwenye redio yenyewe kuna kitufe chekundu cha dharura chenye kifuniko. Inua kifuniko, bonyeza na ushikilie mpaka kilie. Kwa simu, 112 ni dharura ya Ulaya nzima na 108 ni walinzi wa pwani wa Ugiriki.

Mwisho, mtu akianguka majini: anayemwona anapaza sauti, anamnyooshea kidole na haondoi macho kwake, hata akiitwa. Mwingine anatupa boya. Wageni wawili wajue pia kuwasha na kuzima injini na kushusha tanga la mbele.

Choo cha boti kinafanyaje kazi, na kwa nini huziba?

Kila mgeni aonyeshwe mwenyewe, mmoja mmoja, bila haya. Pampu ya mkono huvuta maji ya bahari na kusukuma uchafu kupitia mpira mwembamba wenye mdomo kama wa bata. Mdomo huo ni mdogo kuliko sarafu. Karatasi ikizidi, pedi, uzi wa meno, nywele au kokwa ya zeituni ikiingia, umeziba. Kuufungua ni kazi ya saa mbili, ukiwa umepiga magoti, mikono mitupu, kwenye joto la nyuzi 35.

Kanuni: hakiingii choo kitu ambacho hujakila kwanza. Karatasi yote inaenda kwenye mfuko wenye kifuniko, unaotolewa kila siku. Baada ya haja ndogo, pampu mara kumi. Baada ya haja kubwa, mara ishirini na zaidi, ili uchafu usibaki njiani kwenye bomba. Kikombe cha siki jioni hupunguza magamba ya chumvi yanayobana bomba. Wanaume wakae, bahari haitulii kwa ajili ya mtu aliyesimama.

Sasa hesabu. Watu sita, mara tano kwa siku, lita 2 kila mara, ni lita 60. Matangi mengi ni ya lita 40 hadi 70. Kwa hiyo tangi limejaa kesho yake. Kwenye ghuba na bandarini valvu ya nje inafungwa bila ubishi, kwani watu wanaogelea hapo. Penye mashine ya kunyonya, lipa unyonywe. Pasipo na mashine, tangi hufunguliwa chombo kikiwa mwendoni, maji ya kina, mbali kabisa na ghuba. Panga safari ukikumbuka hilo: boti yenye watu sita haiwezi kulala siku tatu mfululizo kwenye ghuba iliyofungika.

Maji ya kunywa na kuoga yatatosha?

Tangi la lita 400, watu sita wenye uangalifu, lita 15 kila mmoja kwa siku: siku nne na kidogo. Watu hao hao wakioga kama nyumbani hutumia lita 40 kila mmoja, na mnakauka siku ya pili. Tofauti iko kwenye kuoga na kuosha vyombo.

Kuoga: jisugue kwa sabuni baharini kwenye ngazi ya tezi, kisha lita 2 za maji baridi kusuuza chumvi. Msuuzo huo si anasa. Chumvi ikibaki mwilini inahamia kwenye magodoro, na chumvi hunyonya unyevu wa hewa, hivyo kitanda hakikauki tena mpaka kifuliwe. Vyombo vioshwe kwa maji ya bahari na kusuuzwa kwa bilauri moja ya maji matamu. Maji ya kunywa yanunuliwe kando, lita 3 kwa mtu kwa siku, hata kama ya tangi ni salama. Ukiishiwa ya tangi utakuwa na akiba.

Simu, kompyuta na mashine ya nywele?

Simu ndiyo, kompyuta mchana injini ikiwaka au jua likiwa kali kwenye paneli. Mashine ya nywele ya wati 1,500 ikitumia betri za volti 12 huvuta zaidi ya ampea 125. Friji peke yake tayari inakula ampea-saa 40 hadi 60 kwa siku, na hiyo ni kama watu hawaifungui kila dakika kutazama kilichomo. Betri za asidi za ampea-saa 300 hutoa nusu tu bila kuharibika. Weka kreti ya maji baridi nje kwenye kivuli, friji iachwe kwa chakula.

## Jikoni

Wanaweza kuja na chakula kutoka nyumbani?

Baadhi. Nyama na maziwa, na chochote chenye nyama au maziwa ndani, haviruhusiwi kuingia Umoja wa Ulaya kwenye mizigo ya abiria kutoka Afrika Mashariki. Sambusa za nyama za mama zitatupwa pale forodhani. Matunda mabichi yanahitaji cheti cha afya ya mimea, isipokuwa matano: nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani. Kwa hiyo nazi ndiyo, embe hapana. Viungo vikavu vya pilau, majani ya chai na unga wa ugali havina tatizo, na ndivyo vitakavyoshangiliwa usiku wa tatu.

Nipike nini kwa jiko la moto miwili?

Chakula cha sufuria moja. Sufuria ya presha hupika maharage kwa robo ya gesi na, muhimu zaidi, kifuniko chake hakifunguki boti ikiyumba. Pilau, wali wa nazi na samaki, mchuzi wa kuku. Asubuhi ya safari, chai ya tangawizi na mkate mkavu. Mayai ya kukaanga yasubiri mpaka mtie nanga. Usikaange kwa mafuta mengi chombo kikiwa mwendoni, na anayepika avae suruali ndefu, sababu sufuria ya maji ya moto humwagikia mapajani.

Na halali?

Mishikaki ya mitaani, souvlaki, mara nyingi ni ya nguruwe. Neno la kuku ni kotopoulo. Nyama iliyochinjwa kihalali ni vigumu kuipata kwenye visiwa vidogo, kwa hiyo walio wengi hula samaki, pweza, dagaa wa kukaanga na mboga wiki nzima, na hakuna anayekonda.

## Safarini

Siku ya kawaida iendeje?

Ionia ina tabia inayotabirika kiangazi. Asubuhi bahari ni shwari. Karibu saa sita au saba mchana unaanza maistro, upepo wa kaskazini magharibi, unaopanda hadi nguvu ya 4 au 5 kwenye kipimo cha upepo cha Beaufort kufikia saa kumi, kisha unalala jua likizama. Wageni wapya wasafirishwe asubuhi kwa injini au upepo mdogo, wafike kabla ya saa nane. Wakishazoea, siku ya tatu, ng'oeni nanga saa sita na mtweke tanga. Wakati wa kuwafurahisha ni kushuka na upepo mgongoni au ubavuni. Kwenda joshi, yaani kuukabili upepo, saa tatu mfululizo ni furaha ya nahodha peke yake.

Mahali pa kuangalia ni ghuba ya Molos huko Ithaca. Alasiri upepo huporomoka kutoka mlimani kwa vishindo, hata siku ambayo nje ni tulivu. Punguza tanga kabla hujaingia.

Niwape wageni kazi?

Mgeni siku mbili; siku ya tatu mpe jembe. Botini jembe ni kamba. Mgeni asiye na kazi huanza kuona haya au kuchoka, na wote wawili ni mzigo. Mpe kila mmoja kazi moja ileile: huyu dafurao (mito ya kukinga ubavu wa boti), huyu kamba ya tezi ya upande wa upepo, huyu kuosha mnyororo wa nanga unapopanda, huyu mfuko wa pamoja. Kazi zisizogawiwa wageni ni kushika winchi ya nanga bila kufundishwa, na kuruka gatini.

Wakae wapi tunapofunga kwa tezi gatini?

Hapa ndipo vidole hukatika, kwa hiyo maneno yaishe kabla ya kuingia. Funga dafurao tatu kila upande na moja kubwa tezini. Tayarisha kamba mbili za tezi, zipite nje ya vizuizi. Dondosha nanga urefu wa boti tatu hadi nne kutoka gatini, rudi nyuma taratibu, mnyororo ukitoka bila kusita. Kwenye kina cha mita 6, mita 35 hadi 40 ni sawa. Kabla hujagusa gati, simamisha mnyororo na uhakikishe nanga imeshika. Kamba ya upande wa upepo hutupwa kwanza.

Wageni wengine wote wakae chini. Hakuna anayesukuma gati wala boti ya jirani kwa mkono au mguu, hata iwe kwa nia njema. Boti ya tani nane haisimami kwa mguu wa mtu. Kuna dafurao kwa kazi hiyo, na rangi hununuliwa dukani.

Wakichafukwa na bahari?

Dawa hufanya kazi ikinywewa kabla. Cinnarizine, inayojulikana kwetu kwa jina la Stugeron, mtu mzima hunywa vidonge viwili vya miligramu 15 saa mbili kabla ya kuondoka, kisha kimoja kila saa nane akihitaji, inaleta usingizi. Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto waulize mfamasia kwanza. Aliyeanza kulegea apewe usukani, macho kwenye upeo wa bahari, biskuti kavu mkononi. Asishuke chini kutafuta kitu. Akitapika, atapike upande usio wa upepo, na mtu amshike mkanda.

Kuogelea kutoka botini, kuna sharti gani?

Injini imezimwa na ufunguo umetolewa. Ngazi imeshuka kabla mtu wa kwanza hajaruka, kwani ubavu wa boti una zaidi ya mita moja na hakuna anayeupanda. Mtu mmoja anabaki juu. Ng'ambo ya tezi fungeni kamba ya mita 20 yenye boya, ya kushika ukichoka.

## Hali za pembeni

Mgeni hajui kuogelea, au ni mzee.

Anakaribishwa. Asiyejua kuogelea avae jaketi kila mara boti inapokuwa mwendoni na kila mara anapoingia boti ya mpira, mchana na usiku. Ajali nyingi za kuanguka hutokea kwenye kushuka na kupanda gatini, usiku, baada ya chakula.

Kwa mzee, shida ni ngazi ya kushukia ndani na ubao wa kuvukia gatini. Chagua bandari zenye gati la pembeni la kushuka hatua moja, mpe chumba kilicho karibu na choo, na mpunguzie nanga za ghubani zinazodai boti ya mpira.

Nitaswali wapi, na kibla ni upande gani?

Kutoka Lefkada kibla ni karibu nyuzi 131, kusini mashariki. Boti iliyo kwenye nanga peke yake huzunguka na upepo, hivyo tazama dira kabla ya kila swala. Iliyofungwa kwa tezi haigeuki. Maji ya kutawadha ni ya bahari. Yanafaa na hayapungui.

Wageni wanataka kuvuka hadi Albania.

Kutoka Corfu, Sarandë inaonekana kwa macho. Lakini kuvuka ni kutoka Schengen, na viza ya kuingia mara moja inaishia hapo. Mgeni hataweza kurudi Ugiriki na wewe, wala kupanda ndege yake ya Corfu. Soma viza yenyewe: penye idadi ya kuingia paandikwe MULT, yaani mara nyingi.

Mgeni anataka kuondoka kabla ya siku zake.

Mruhusu bila maswali, na uwe unajua njia. Meganisi ina feri ya kila siku hadi Nydri, huko Lefkada. Fiskardo ina feri ya kiangazi hadi Vasiliki, kusini mwa Lefkada. Kutoka Pisaetos huko Ithaca kuna feri hadi Sami, na kutoka Sami teksi hadi uwanja wa ndege wa Kefalonia. Ukipanga duara, hakikisha hakuna usiku mnapolala zaidi ya siku moja mbali na mojawapo ya bandari hizo. Mtu akiumwa, njia hizo hizo ndizo utakazotumia, ila kwa ugonjwa wa ghafla ni 112 kwanza.

Injini imekufa na wageni wamo ndani.

Kama kuna upepo, tweka tanga na uondoke kwenye ardhi kabla ya kufungua chochote. Kina kikiruhusu, tia nanga. Mpe kila mgeni jaketi na kazi ya kutazama, kisha angalia mambo matatu kwa mpangilio huu: dizeli ipo na valvu yake iko wazi, chujio la dizeli halina maji wala matope, chujio la maji ya bahari halijazibwa na nyasi au mfuko wa plastiki. Boti iliyokaa bandarini na tangi nusu tupu hupata matope ya dizeli, nayo huchanganyika siku ya kwanza ya mawimbi, ambayo mara nyingi ndiyo siku ya kwanza ya wageni. Beba vichujio viwili vya akiba na ujifunze kuvitoa hewa mkiwa bandarini, kabla hawajafika.